Nauli na Jiwe Moja

Mama yangu alikataa kubebwa mgongoni, na ndiyo maana leo kuna njia.

Wenzangu wa chama cha mamotari wanapenda kuisimulia habari hii kwa namna nyingine. Wanaanza na mkutano na kumaliza na ile picha ya siku ya mwisho, sote tumeinua mikono kama timu iliyochukua kombe. Sawa, mkutanoni nilikuwapo, na kwenye picha nipo, wa pili kutoka kushoto, nimekunja uso kwa sababu jua lilinipiga machoni. Lakini mimi najua mambo yalianzia wapi. Yalianzia jikoni kwa mama, kule Wamaza.

Mimi ni motari wa Kasongo. Kazi yangu ni kupakia watu na mizigo yao kwa pikipiki: mpunga, karanga, kuku waliofungwa miguu, siku moja hata kabati. Kwenye njia ya kwenda Wamaza na mbele zaidi hadi Kabambare kulikuwa na bonde ambalo mvua na malori ya zamani vililichimba mpaka likawa ziwa la tope. Kushoto kinamasi, kulia kinamasi, huwezi kulizunguka. Tuliliita Vua Viatu, kwa sababu pale kila mtu, hata mheshimiwa mwenye tai, alivua viatu, akakunja suruali, akaingia.

Kuvusha pikipiki pale kulikuwa ni kuiua. Basi tukaona heri tugawane abiria. Motari wa upande wa Wamaza alimleta mtu wake hadi ukingoni, mimi nikamngoja ng'ambo ya pili, na nauli tukagawana. Nasikia kwenye miji mikubwa watu wanabonyeza simu na simu yenyewe inawatafutia chombo na mtu wa kusafiri naye. Sisi tulikuwa na kichuguu. Ulikipanda, maana ni pale tu rezo, mtandao wa simu, ilipokamata, ukampigia mwenzako: niko na mama wawili na gunia moja, nani yuko upande huo? Mpango ule ulikwenda vizuri miaka mingi. Nasema kwa kujisifu, kwa sababu mimi ni mmoja wa walioutunga.

Kati ya ukingo na ukingo walikuwapo wabebaji. Hao ni wanaume wenye mapaja manene waliokuchukua mgongoni na kukuvusha kwa malipo, na bei ilipanda kadiri mawingu yalivyozidi kuwa meusi. Mkubwa wao alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, ambaye miguu yake sidhani kama iliwahi kukauka.

Mama alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Ndugu zangu wote walikwishatawanyika, wengi wao machimboni kutafuta dhahabu. Siku moja jirani yake alinipigia simu, akaniambia mama aliteleza jikoni akaanguka, akalala pale chini tangu asubuhi hadi alipokuja yeye kuomba moto. Hakuvunjika kitu. Goti tu lilivimba. Lakini mimi tangu siku hiyo kila simu ikilia nilidhani ni jirani yule. Nilijua anguko la pili litakuja, na sikutaka kupata habari zake juu ya kichuguu.

Nilikwenda kumchukua aje kukaa nasi Kasongo. Nyumba ipo, mke wangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi, na wajukuu walikuwa wamekwisha kugombania nani atalala naye. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua mchele. Kisha akauliza tutavukaje Vua Viatu. Kwa goti lile hakuweza kulipita tope kwa miguu, hilo tulilijua sote wawili. Nikamwambia wabebaji ni watu wazuri, watamvusha polepole.

“Miye nilibeba watoto sita ku mugongo,” alisema. “Sasa wanibebe miye?”

Nilimbembeleza. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba wake wa wakubwa wanabebwa, masista wanabebwa, hata mwalimu aliyenichapa darasani alibebwa mbele ya macho yangu na mimi nikafurahi sana. Hakubadilika. Alisema siku njia itakapokuwa njia, atakuja. Nikarudi Kasongo bila abiria na bila mama.

Hasira zangu zinajulikana mjini kwetu, sina haja ya kuzieleza. Na safari ile zilinipanda kwa sababu njia hiyo tulikuwa tumekwisha kuilipia. Kwenye bariere, kile kizuizi cha barabarani, ulilipa, ukapewa kikaratasi chenye mhuri, ukaambiwa ni kwa ajili ya njia, ukaenda kuzama katika tope lile lile na kikaratasi chako mfukoni. Ningezitupa shimoni karatasi zote nilizowahi kupewa, labda pangejaa kidogo.

Siku iliyofuata nilikuwa naelekea bondeni kungoja watu, nyuma yangu hakuna mtu. Kabla ya kuteremka kuna kilima cha mawe. Nilisimamisha pikipiki, nikachukua jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, nikalifunga kwa kamba ya mpira pale anapokaa abiria. Nilipofika ukingoni nikalitupa katikati ya tope. Lilizama bila hata kuaga. Wabebaji walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nilifanya vile tena safari iliyofuata, na iliyofuata. Si kwamba nilikuwa na mpango. Nilitaka kutupa kitu, basi. Mamotari wenzangu walinikejeli vya kutosha: abiria wako huyu ni mzuri, halalamiki bei, halali njiani, ila halipi. Nami niliwajibu kwamba nikitazama watu ninaowapakia kila siku, jiwe ndilo lenye adabu zaidi.

Aliyelifanya jambo la hasira kuwa jambo la akili ni mama mmoja muuza mchele, mteja wangu wa siku zote, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji rezo. Magunia yake yalikuwa yameanguka topeni mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka. Siku moja aliniona nasimama kilimani, akaniuliza ninafanya nini, nikamweleza na habari ya mama pia. Alishuka, akachagua jiwe lake mwenyewe, akalipakata mapajani kama mtoto hadi bondeni. Jioni ile sokoni Kasongo aliwaambia wauzaji wenzake wote kwamba wasipande pikipiki ya kwenda Wamaza bila jiwe. Wakatii. Mimi pia ningetii.

Ndipo tulipofanya huo mkutano unaosifiwa. Watu wa chama, wa upande wetu na wa upande wa Wamaza, tulikaa kwenye kivuli cha banda la mafundi pikipiki. Mmoja alishauri tuchange pesa, tununue saruji. Kila mmoja alimtazama mwenzake akifikiria nani ataishika pesa hiyo, na naamini wengi walinitazama mimi. Nikasimama.

“Franga inakuliwaka,” nilisema. “Jiwe, nani atakula jiwe?”

Walicheka. Tukakubaliana hivi: kuanzia siku hiyo anayepanda pikipiki zetu kuelekea Vua Viatu, kutoka upande wowote, analipa nauli yake ya kawaida na anabeba jiwe moja. Tajiri jiwe moja, maskini jiwe moja. Mtumishi wa serikali jiwe moja, na kikaratasi chake abaki nacho.

Hatukuwafikiria wabebaji, na hilo ndilo lililotaka kutuangusha. Baada ya siku chache tulikuta mawe yetu yamesogezwa pembeni, yamepangwa vizuri kabisa kando ya kinamasi, na tope katikati limebaki vile vile. Nilimwendea mkubwa wao nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, mama anaweza kusomewa. Alinisikiliza, maji yakimfika magotini.

“Mukiziba hili shimo,” alisema, “sisi tutakula nini?”

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali, ningejua la kufanya. Alikuwa na watoto kama mimi, na tope lile ndilo lililokuwa shamba lake. Nilisimama pale na hasira zangu mkononi kama mtu aliyeleta ndoo kwenye kisima kikavu.

Muuza mchele alikuwa nyuma yangu, ameketi juu ya gunia, amechoka kutusikiliza.

“Mulizoea kubeba watu,” alimwambia. “Sasa mubebe mawe. Mutu akifika bila jiwe, alipe, mumuletee yake kutoka kilima.”

Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na hakuna hata mmoja wetu chini ya lile banda la mafundi aliyewaza hilo. Kwa maana watu wasio na jiwe hawakosekani: aliyesahau, aliyevaa suti, mjamzito, mgonjwa, na yule anayejiona mkubwa kuliko kubeba jiwe. Hao wote walilipa wabebaji, na wabebaji wakaleta jiwe kwa niaba yao. Bwana mmoja mwenye tumbo alilipia mawe ya kutosha watu wanne ili tu asishike moja. Wabebaji walianza kumpenda kila mtu mwenye kiburi.

Wakati huo tope likawa lao kwa namna nyingine. Mvua ya kwanza kubwa ililamba nusu ya kazi, na mimi nilikaa juu ya kichuguu nikitaka kulia, nasema kweli. Mkubwa wa wabebaji aliniambia nisubiri. Walikata magogo, wakayalaza chini yakiwa yamebanana, wakachimba mfereji wa kuyaondoa maji upande wa kinamasi, ndipo wakapanga mawe upya, makubwa chini, madogo juu, na changarawe ya kilimani mwisho. Tuliendelea kuwaletea. Wanafunzi walileta, wakulima wakaleta, wachimbaji dhahabu kutoka mbali wakaleta wakisema hawajawahi kubeba jiwe bila kulipasua kwanza. Siku ya Ijumaa walileta waliotoka msikitini, Jumapili waliotoka kanisani, na mawe yakachanganyika yasijulikane ya nani.

Mvua iliyofuata ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulifika bondeni wengi kuliko siku ya soko, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama. Maji yalikuwa yanapita mferejini kwa utulivu. Njia ilikuwa pale pale, imelowa, imekaa. Mwenzangu wa Wamaza alitokea ng'ambo akiwa na abiria wawili na gunia la mpunga. Alipofika ukingoni alipunguza mwendo kwa mazoea, na abiria wake kwa mazoea wakainama kuvua viatu. Wabebaji ndio waliowapigia kelele waviache. Pikipiki ikapita. Hakushuka mtu. Honi zililia bondeni mpaka ndege wote wa kinamasi wakahama, na mimi nilimkumbatia mkubwa wa wabebaji, mtu niliyekuwa nimemtukana vile, tukapakana matope yaliyobaki. Hapo ndipo picha ilipopigwa.

Furaha ile sijaipata tena, na nimeoa, na nimezaa.

Sikungoja. Kesho yake nilivuka Vua Viatu juu ya pikipiki yangu mwenyewe, kutoka Kasongo hadi Wamaza bila kubadilisha, nikaingia uani kwa mama nikipiga honi kama mwendawazimu. Alitoka jikoni akijishika ukuta. Alinitazama, akaitazama pikipiki, akatazama magurudumu yasiyo na tope.

“Nitashuka?” aliuliza.

“Hapana mama. Hautashuka.”

“Hata muguu moja?”

“Hata muguu moja.”

Alifunga kitenge chake kizuri, akampa jirani kuku wake na funguo, akaleta mfuko uliofungwa kwa kamba. Nilipouinua kuufunga kwenye pikipiki, mgongo ulinilia. Nilidhani ni karanga za wajukuu. Aliketi upande upande, mkono mmoja begani kwangu, na njia nzima aliwasalimu watu tuliowapita, kila mmoja, kama malkia.

Bondeni nilisimama kama inavyotakiwa. Mkubwa wa wabebaji alimjua ni nani kabla sijasema, maana habari za mwanamke aliyekataa mgongo wake alikuwa amezisikia zamani. Alimwamkia kwa heshima, akasema wazee hawadaiwi jiwe, apite tu.

“Nani amesema miye sina?” mama alisema.

Aliniamuru nifungue mfuko. Ndani hakukuwa na karanga. Kulikuwa na mafiga yake matatu, meusi kwa masizi, yale aliyopikia tangu siku alipoolewa, na ambayo sisi sote tulilelewa kwa chakula chake. Alichukua moja kwa mikono miwili, akampa yule mtu, akamwambia aliweke katikati, pale pikipiki zinapopita. Yule mtu alipiga magoti, akatoa changarawe kwa vidole, akalikalisha pale taratibu, akalishindilia. Mama alitazama mpaka kazi ikaisha. Mguu wake haukugusa chini.

Tulipoanza kupanda kilima upande wa Kasongo, niliona kamba ya mfuko ikinigonga gotini, nikawaza mafiga mawili na sufuria, na hapo tu ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuja kututembelea tu, alikuwa amehama na jiko lake. Sikuweza kugeuka. Yeye aliinama karibu na sikio langu ili upepo usimchukulie maneno.

“Nimebaki na mawili,” alisema. “Ya tatu utanitafutia weye.”

Mwenzangu wa Wamaza bado hunipigia akiwa kwenye kile kichuguu, tunagawana abiria ili asirudi mtu na kiti kitupu. Kila abiria bado anakuja na jiwe lake, kwa sababu mvua haziishi. Na mimi nilimtafutia mama la tatu pale pale kilimani, siku ile ile. Ni refu kidogo kuliko yale mengine. Sufuria linainama upande, mchele unaiva upande mmoja kwanza, na kila siku jioni, nikirudi kazini, nasikia kutoka jikoni akinilaumu.