Usiniambie Mlishamaliza Uwiano

Mlishamaliza? Nani kakwambia uwiano unaisha? "Dada, hiyo tulishamaliza darasa la sita." Ndivyo mdogo wangu Marwa alivyonijibu juzi hapa Nkende, barazani, mbele ya cherehani yangu, nilipomwambia afungue madaftari yake ya zamani. Ana miezi michache tu kidato cha kwanza na tayari ana vitu alivyomaliza. Wenzake wawili aliokuja nao wakacheka. "Dada Bhoke naye! Mambo ya primari tena?"

Nilitupa mkasi chini. Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Na sina umri wa kumwita mtu mwanangu, lakini wewe mwanafunzi unayenisikiliza, kwa hili nitakuita mwanangu, kwa sababu mimi nilizeeka siku moja tu, kati ya asubuhi na saa nane mchana.

Siku yenyewe naikumbuka hivi. Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni, nyumbani kijijini upande wa Mugumu. Baba alikuwa na ng'ombe wachache, na kila mwaka mmoja alikwenda mnadani ili mimi nirudi shule. Baba mdogo hakupenda. Alikuwa anasema hata nikiwa nimesimama palepale nampa uji: "Kaka, binti hauziwi ng'ombe. Binti ndiye analeta ng'ombe." Na baba anamjibu bila kunyanyua macho: "Ng'ombe wangu wakiwepo, huyu atasoma." Kwa hiyo elewa toka sasa. Wale ng'ombe walikuwa ndio ukuta kati yangu na kuolewa.

Kupe wakazidi mwaka ule. Baba akarudi kutoka Mugumu na dawa mpya, chupa ya lita moja, maana ile tuliyoizoea dukani iliisha. Baba hajui kusoma. Akaniita, majirani wapo, kifua mbele: "Njoo, msomi wangu. Hiki kibandiko kinasemaje?"

Kilisema sehemu moja ya dawa kwa sehemu mia tano za maji. Bomba letu la kubeba mgongoni ni la lita ishirini. Hesabu hiyo darasa la sita nilikuwa naifanya huku napiga stori. Nilikuwa wa kwanza darasani, mwalimu akanipa kalamu mbele ya shule nzima. Ila tangu nipewe ile kalamu, hesabu hiyo sikuigusa tena. Ya nini, wakati naijua?

Nikaokota kijiti nikaandika chini: ishirini gawanya kwa mia tano. Mkono ukasita, nakwambia ukweli. Kuna mahali nilijisikia kama mtu anayepapasa mlango wa nyumba aliyowahi kulala. Lakini watu walikuwa wananitazama. Nikaandika sifuri nukta nne. Yaani mililita mia nne.

Baba akaitazama chupa. "Mbona inakaribia nusu? Ile nyingine tulikuwa tunaweka vizibo viwili."

"Baba, ile ni ile. Hii ni hesabu."

Akacheka. "Haya, mwalimu."

Nimalizie haraka, maana hapa huwa sina nguvu. Alinyunyiza mwenyewe, asubuhi baada ya kukamua. Jua halijapanda vizuri, ndama mweupe akaanza kutoka mate mfululizo, miguu inatetemeka, akalala. Kisha mama yake. Bwana mifugo alikuja na bodaboda, akawachoma sindano aliowakuta bado wanapumua. Akaniuliza nilipimaje. Nikamwonyesha pale chini, maandishi yalikuwa bado yapo, kwato zimeyakanyaga pembeni. Akachuchumaa. Hakunifokea. Akaweka kidole palepale akaniuliza, "Sifuri yako nyingine iko wapi?"

Mara kumi. Ilitakiwa mililita arobaini, mimi nilikuwa nimewapa mara kumi.

Saa nane walikuwa wamebaki wawili. Yule mwekundu mwenye baka shingoni alikufa akiwa bado amesimama, ameegemea uzio, kama anayesubiri mtu amwambie aanguke.

Kijijini wakasema baba ni mjinga, aliacha mtoto wa kike achanganye dawa. Anayetaka kulisema hilo mbele yangu hata leo, aje. Baba yangu hakukosea. Aliniamini, na mimi ndiye niliyekuwa mtupu huku nikijiona nimejaa. Hakunipiga. Baba mdogo alipokuja wiki hiyohiyo na wazee wawili kuzungumza habari zangu, baba aliwaambia, "Hata nikibaki na kamba tupu, simtoi." Hakunitoa. Ila shuleni sikurudi, maana wale wawili waliobaki walikuwa wa maziwa ya nyumbani, wa kwenda mnadani hakuwepo.

Kesho yake baada ya vifo vile, kulipokucha, nilimkuta babu amesimama kwenye mlango wa zizi. Kwetu mzee hahesabu ng'ombe wake kwa namba. Anawataja, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama aliyemzaa, kila asubuhi wakitoka. Asubuhi ile walitoka wawili, na babu akawataja wote. Wote. Mpaka ndama mweupe.

Nikamlilia. "Babu, acha! Si unawajua tangu wazaliwe?"

"Nawajua," akasema. "Nawajua kwa sababu nawataja. Na wewe hesabu yako, mara ya mwisho uliitaja lini?"

Hiyo ndiyo fimbo niliyopigwa.

Basi juzi, Marwa na wenzake walipomaliza kucheka, niliwapa chaki. Nikawaambia waandike sakafuni: sehemu moja kwa mia tano, bomba la lita ishirini. Marwa akaandika chapchap: ishirini na tano.

"Ishirini na tano nini?" nikamuuliza.

Akaizungusha chaki vidoleni.

"Lita? Mililita? Vizibo? Ng'ombe?"

"Dada, tulishaisoma, ila..."

"Ila nini, mura, kijana mzima? Baba amepiga simu jana. Kupe wamerudi. Anakusubiri wewe ufunge shule ukamsomee kibandiko."

Hakucheka mtu tena. Marwa aliifuta kwa kiganja akaanza upya, na sikumhurumia.

Kwa hiyo sikia ninachokwambia, mwanangu. Mimi hesabu nimejifundisha upya mwenyewe, kwa madaftari ya kuazima, kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani, na sijaacha. Wewe fanya hivi. Kila siku maswali matano, siyo hamsini ya kukurupuka wiki ya mtihani. Mawili ya leo, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, na moja la zamani kabisa, lile unaloona aibu kulifanya. Daftari likiwa limefungwa. Kuangalia mfano ukatikisa kichwa siyo kujua, hata mimi nilikuwa natikisa. Ukikosa, liandike pembeni, likurudie kesho na keshokutwa mpaka likuchoke. Na ukipata jibu, liulize kama lina akili, kama baba alivyoliuliza langu nikamnyamazisha. Mtu asiyejua kusoma akikuuliza "mbona nyingi?", rudi chini ukapige upya. Usimjibu kwa mdomo.

Mungu akupe kichwa kinachokumbuka na moyo usiojivuna. Akulindie mikono siku watakapokuita mbele za watu, na wanaokuamini asiwalipishe kwa uvivu wako. Amina.

Haya, jana ulirudia nini?