Risala ya Mahona na Ng'ombe Kumi na Tisa

Mahona Ndaki alinishinda kwa kura mbili, na mpaka leo najua kura hizo zilitoka kwa nani. Moja aliipiga mwenyewe. Nyingine aliipiga Joakim, ambaye nilikuwa nimemwazima kamusi yangu muhula mzima. Kidato chetu cha nne cha mwaka 1995 tulikuwa thelathini na wanane, na mmoja wetu alitakiwa kusoma risala ya mahafali mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Mimi Mektilda, mwenye sauti ya kwaya, nikaachwa. Akachukuliwa Mahona, kijana mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi, ambaye akisimama mbele ya watu watatu tu alianza kukohoa.

Nilinuna siku nne. Siku ya tano akanifuata bombani, akaniambia kwa nini aliomba zile kura kwa kubembeleza. Hasira ikanipungua, ingawa haikuisha.

Baba yake, mzee Ndaki, alikuwa mfugaji wa huko huko kwetu karibu na Dutwa, siku hizo Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Alimruhusu Mahona kuanza sekondari kwa sababu padri alimsumbua, na padri mwenyewe alikuwa ameshahamishwa. Sasa mzee alitaka mwanawe arudi kwenye ng'ombe. Mahona alitaka kuendelea na kidato cha tano, alitaka hasa, mpaka alikuwa anaota yuko darasani. Wakabishana, mwisho mzee akatoa sharti lake.

"Cheti mimi siwezi kukisoma," alimwambia. "Lakini kuhesabu watu waliosimama upande wa mtu, hilo naliweza. Nitakuja. Watu wakihamia kwako, utaendelea na shule. Wakienda kwingine, Jumatatu uko na ng'ombe."

Aliyekulia Usukumani ataelewa kwamba mzee hakuwa anatania. Wakati wa ngoma za mavuno, makundi mawili hasimu, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji wenyewe ndio huhama. Kundi likivutia, watu wanavuka uwanja na kwenda kulizunguka. Lililobaki na watoto na mbwa limeshindwa, na mwaka mzima halitapumua kwa kutaniwa. Mzee Ndaki alikuwa Mgika wa damu, na kipimo kingine cha ubora wa mtu hakuwa nacho.

Tatizo ni kwamba mwaka ule biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Tulizoea mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na sasa kila wiki alitokea mtu mpya na gari lenye spika. Mmoja wao alitangaza kwamba Jumamosi ya mahafali yetu ataegesha ng'ambo ya barabara, mkabala na uwanja wa shule, apige muziki na kugawa kofia bure. Kofia bure! Mimi mwenyewe niliitamani.

Mahona akakimbilia kwa mjomba wake, Bujiku, aliyekuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, mpaka magoti yalipomkataa. Mjomba akampa kibuyu kidogo cha dawa ya mvuto, ile ambayo wachezaji hujipaka ili watu wawafuate. Akamwagiza apake tone moja tu kwenye paji la uso.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mahona alipiga hesabu zake za kidato cha nne. Kama tone moja linavuta watu kumi, kibuyu kizima kitavuta wilaya. Asubuhi ya mahafali alijifungia bwenini, akajipaka kuanzia utosini hadi vidoleni, akajisugua na mgongo, kisha akavaa koti zito la mtumba juu yake. Alipotoka aling'aa kama chapati.

"Ndani yake mna nini?" nilimuuliza.

"Mizizi, samli, majivu, na magadi mengi. Kwa nini?"

"Hakuna. Unanuka tu."

Nakiri kwamba na mimi sikufikiri. Watoto wawili wa wafugaji, tuliowalisha ng'ombe magadi tangu hatujaota meno ya pili, tumesimama pale tunajadili harufu.

Mzee Ndaki alifika saa sita akiwa na fimbo yake na ng'ombe wake kumi na tisa. Kila Jumamosi aliyewachunga alikuwa Mahona, na leo Mahona alikuwa na risala, kwa hiyo mzee aliwaleta. Akawaacha wakielekea lamboni nyuma ya jukwaa.

"Mwadila, baba," nikamsalimia.

"Mwadila, mayu. Yuko wapi huyo wa makaratasi?"

Mahona akapanda jukwaani. Sisi wahitimu tulikaa kwenye mabenchi ya mbele, na nyuma yetu wazazi. Mgeni rasmi, bwana mmoja wa ushirika, aliitazama spika ya ng'ambo ya barabara kama mtu aliyeona nyoka chooni. Mahona akakohoa, akaanza.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, tulianza kidato cha kwanza tukiwa sitini na watatu..."

Spika ikajibu kwa muziki. Mzazi wa kwanza akainuka kama anayekwenda kujisaidia. Hakurudi. Wakafuata watatu, kisha benchi zima. Mtu akapita na kofia mpya kichwani, na baada ya hapo hakukuwa na wa kuwazuia. Mahona alifika kwenye habari za mwalimu wetu wa Fizikia, aliyeacha kazi kidato cha pili akafungue kibanda cha mitumba Somanda, na nyuma yetu nilihesabu wazazi kumi na mmoja. Mzee Ndaki naye alikuwa anahesabu. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka.

Ng'ombe jike mwekundu aliyezoea kutangulia aliinua kichwa kutoka majini. Akanusa. Akaja mwendo wa mama anayekwenda kumchukua mtoto wake, na wenzake kumi na wanane nyuma yake. Jukwaa letu lilikuwa tuta la udongo tu, hawakuhitaji ngazi. Wa kwanza alimlamba Mahona sikio. Wa pili akamlamba shingo. Dume mmoja akaingiza kichwa chote ndani ya lile koti.

"Changamoto zetu," Mahona alisoma huku akilambwa, "ni uhaba wa... toka! Uhaba wa walimu, na maabara ambayo... toka wewe!"

Mgeni rasmi alicheka mpaka akashika meza. Jike mwekundu akaona mkono unaong'aa umeshika karatasi, akaulamba mkono na ukurasa wa pili kwa ulimi mmoja. Wino ukawa uji. Mahona akaitazama karatasi. Akaanza kukohoa.

Mzee Ndaki akasimama. Hakupaza sauti, ila sote tulimsikia.

"Nimehesabu. Wengine wamefuata kofia. Waliovuka kuja upande wako ni ng'ombe kumi na tisa duhu, basi. Wamesema wenyewe wanamtaka nani."

"Na wanafunzi wenzangu, baba?"

"Hao wamekalishwa na mwalimu. Aliyekalishwa hahesabiwi."

Nilimwona Mahona akikunja ile karatasi iliyolowa. Aliikunja vizuri, mara mbili, akaitia mfukoni, na nikaumia moyo kuliko nilivyotegemea. Sikuwaza ngoma wala kuhama. Niliwaza kwamba ukurasa wa pili nilimsaidia kuuandika mimi, na siwezi kukaa nikaona maneno yangu yanaliwa na ng'ombe. Nikapanda tutani, nikasukuma dume kwa kiuno, nikamwambia sikioni, "Maabara ambayo ufunguo wake ulipotea."

"Maabara ambayo ufunguo wake ulipotea!" Mahona akapaza sauti.

"Na tulipoivunja kidato cha nne," Joakim akadakia, naye anapanda, "tulikuta magunia ya maharage!"

"Yenye wadudu!" akasema Lukresia, akiinua sketi ili asikanyage mavi. "Tukayala!"

Basi ikawa vurugu. Gloria alikuja kukumbusha kibao cha mbao tulichovishwa shingoni tukiongea Kisukuma, na siku mwalimu wa zamu alipojisahau akatugombeza kwa Kisukuma, tukamvisha yeye. Januarius alikuja kwa ajili ya usiku ule fisi alipoiba viatu vyote vya bweni, vikabaki vya kwake tu kwa kunuka. Kila aliyekumbuka alipanda, na kila kilichosemwa Mahona alikirudia kwa sauti, kwa mtindo kamili wa risala, "Mheshimiwa mgeni rasmi," bila kukohoa hata mara moja. Mabenchi yakabaki matupu. Thelathini na wanane tulijaa pale juu, tumebanana na ng'ombe, tunacheka huku tunalambwa.

Ng'ambo ya barabara muziki ulizimwa, kwa sababu hata mpiga muziki alitaka kuona. Watu wakavuka wakiwa na kofia zao.

Mzee Ndaki alibaki peke yake kule chini, kati ya mabenchi. Aliinua kidole akaanza kutuhesabu. Alipita kwa Joakim, kwa Lukresia, kwangu. Katikati akapotea, akaanza upya, akapotea tena, akaacha. Akapanda tutani taratibu. Mahona akamwona, akakatiza risala.

Mzee akamgonga dume mbavuni kwa fimbo, akamtoa kichwa kwenye koti la mwanawe.

"Maliza makaratasi yako," alisema. "Ng'ombe nitachunga mwenyewe."