Kizibao cha Mwalimu Cauvet

Armand Cauvet alifundisha udereva mjini Vernon kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupigwa faini hata ya kuegesha gari vibaya. Wanafunzi wake walimwigiza wakiwa baa: "Gari likiharibika, kizibao kwanza, mguu baadaye!" Maana sheria ya Ufaransa inamtaka kila dereva awe na kizibao cha njano kinachong'aa, akivae kabla ya kushuka barabarani. Cha Cauvet kilikaa kwenye mfuko wa mlango wa gari, kimekunjwa vizuri.

Mtu wa namna hiyo majirani humsifu, lakini kuishi naye ni kazi kweli kweli. Ludivine, bintiye wa pekee, alishindwa. Siku alipohamia Paris kupiga ngoma katika bendi ya roki, alimwambia babake mlangoni, "Baba, wewe ungesimama kwenye taa nyekundu hata nyumba yetu ikiungua!" Miaka miwili ikapita bila simu wala salamu. Kisha, Desemba ile, ikaja bahasha yenye tiketi moja ya tamasha na maneno manne: "Jumamosi. Njoo ukitaka, baba."

Alitaka mno. Alilipia hoteli siku mbili, akanunua shati jipya, akawa anajifunza mbele ya kioo namna ya kuomba msamaha bila kutoa somo. Njiani redio ilisema Paris inawaka moto: watu waliochoshwa na bei ya mafuta wamejaa mitaani, kila mmoja amevaa kizibao cha njano kama alama yao. Cauvet akaizima. Ugomvi huo haukumhusu. Alichokitaka ni mwanawe tu.

Saa tisa alasiri, mitaa mitatu kabla ya ukumbi wa tamasha, askari walikuwa wamefunga njia. Magari yalitambaa nusu saa nzima, hadi rejeta yake ikachemka na mvuke ukafoka kutoka kwenye boneti. Cauvet akawasha taa za dharura, akavaa kizibao, akakifunga mpaka juu, kisha akashuka na pembetatu yake nyekundu ya tahadhari.

Mwanamke wa duka la mikate alikuwa akishusha mlango wake wa chuma. "We mzee! Vua hicho kizibao! Unatafuta kifo?"

"Gari limeniharibikia, mama. Dakika mbili tu."

"Nani kakuuliza habari za gari? Askari hao hapo kona! Leo hawachagui!"

"Mama, siwezi kusimama barabarani bila kizibao. Ni sheria."

"Haya, kaa na sheria yako," alisema mwanamke, akajifungia ndani.

Pembetatu huwekwa mita thelathini nyuma ya gari. Cauvet alizihesabu kwa hatua, kama alivyowafundisha maelfu. Hatua ya ishirini na mbili, waandamanaji wakachomoka kona wakikimbia, moshi wa kutoa machozi nyuma yao, na askari nyuma ya moshi. Aliogopa wasije wakaligonga gari, akainua pembetatu juu waione. Askari wakaona kizibao cha njano na mkono ulioinuliwa. Risasi ya mpira ikampiga jicho la kushoto.

Ludivine, aliyepigiwa simu na hospitali, alifika saa kumi na mbili jioni, fimbo zake za ngoma bado ziko mfukoni mwa koti, na chini ya koti naye amevaa kizibao cha njano. Daktari alikuwa ameshasema: jicho limekwenda, na kazi ya kufundisha udereva nayo imekwenda. Cauvet alikaa akisubiri kuchekwa kwa sheria zake.

Ludivine akakiona kizibao chenye damu juu ya kiti, akapiga magoti, akaweka paji la uso juu ya mkono wa babake. "Baba, nisamehe. Nilidhani humjali mtu. Kumbe ulikuja kuandamana nasi!"

Alifungua kinywa aseme habari za rejeta. Lakini mkono wake ulikuwa umelowa machozi ya bintiye, na kwa miaka miwili hakuna aliyeugusa.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Nilichoka kunyamaza."

Ludivine akambusu, akaondoka kuwahi jukwaa. Kutoka kwenye korido ya hospitali Cauvet alimsikia akimwambia muuguzi, kwa sauti ya fahari ambayo hakuwahi kuisikia, "Yule ni baba yangu." Akageukia ukutani, akalia kwa jicho lililobaki.