Si Mbaya Sana

Verlyn Tjaden alikuwa na majibu matatu tu ya kumpa mtu aliyemuuliza hali yake, na mkewe Ardith aliyajua yote matatu kama alivyozijua ngazi za nyumba yake. "Si mbaya" maana yake ni mzima kama chuma. "Si mbaya sana" maana yake kuna jambo, acha unachofanya uje. La tatu ni "nimeshaona siku bora kuliko hizi." Hilo Ardith hakuwahi kulisikia kwa Verlyn. Alilisikia kwa baba yake mzazi mwaka 1961, na siku ya tatu baada ya hapo wakamzika.

Wala si Verlyn peke yake. Wakulima wa Kaunti ya Butler, kaskazini mwa Iowa, ndivyo walivyo wote, wajukuu wa watu waliovuka bahari kutoka Ujerumani na chai yao nzito na midomo yao mizito zaidi. Kwao, kulalamika mbele za watu ni sawa na kwenda kanisani bila suruali. Mvua ya mawe italaza mahindi ya mtu shamba zima, naye atasimama mlangoni, mikono mfukoni, aseme, "Haya, maji tulikuwa tunayahitaji." Ukitaka kujua kama anaumia, mtazame mkewe.

Ardith alikuwa mke wa kutazamwa hivyo kwa miaka hamsini na minne. Alimpata Verlyn akiwa ametoka vitani Korea, vidole viwili vya mguu vimeliwa na baridi, na nishani aliyoitupa kwenye kopo la misumari na kuisahau humo. Mtoto wao wa kwanza, Dale, aliishi siku tisa. Verlyn alimtengenezea jeneza kwa mikono yake, kwa mbao alizokuwa amezikausha kwa ajili ya meza ya kulia. Makaburini mchungaji akamuuliza, "Unajisikiaje, ndugu yangu?" Verlyn akajibu, "Si mbaya sana." Mchungaji akamshukuru Mungu kwa imani ya namna hiyo. Ardith ndiye aliyemshika mkono wa koti, akaushika mpaka walipofika nyumbani, kwa sababu alikuwa amesikia alichosema.

Baadaye akazaliwa Janelle, na huyo alikua. Verlyn alimfundisha kuendesha trekta kabla miguu haijafika vizuri kwenye breki. Akicheza mpira wa kikapu shuleni, baba yake alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia mkononi, akimwinulia kidole kimoja kila alipofunga. Wengine walipiga kelele hadi sauti zikakauka. Janelle alitafuta kile kidole tu. Alipofika miaka kumi na minane akaenda Arizona kusoma, akabaki huko kufundisha, mpaka akawa mtu wa huko. Huko watu husema kila kitu, hata kwa mtu waliyekutana naye dukani.

Habari za vita Verlyn alizisema mara moja tu. Ilikuwa mwaka 1973, wamekaa kwenye lori foleni ya kupeleka mahindi ghalani, Ardith anamenya yai la kuchemsha. Bila kuulizwa, akaanza.

"Kulikuwa na mtu anaitwa Poteet. Wa Arkansas. Nilimbeba kutoka kilimani. Akaniuliza, 'Verlyn, mguu wangu ukoje?' Nikamwambia, 'Si mbaya sana.'"

"Na ulikuwaje?"

"Haukuwepo."

Lori la mbele likasogea. Na yeye akasogeza.

"Akasemaje?" Ardith akauliza.

"Akasema, afadhali. Akafumba macho." Akalichukua lile yai, akalitazama, akalirudisha kwenye karatasi. "Alikuwa mtu wa Arkansas, Mama. Hakujua."

Basi, ndiyo hadithi nzima ya vita. Hakuirudia tena, na Ardith hakuiuliza.

Masika ya mwaka 2008 Ardith aliona matundu mapya kwenye mkanda wa mumewe, yametobolewa kwa msumari. Aliona jinsi anavyopanda ngazi ya trekta akisimama katikati, kama mtu aliyesahau kitu. Asubuhi moja Verlyn alisukuma sahani ya mayai bila kuigusa, na Ardith akamuuliza.

"Wewe Verlyn, una nini?"

"Si mbaya sana."

Ardith alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Akanawa, akavua aproni. "Vaa shati safi. Tunakwenda kwa daktari."

"Mahindi yaingie ardhini kwanza."

Yakaingia ardhini. Soya nayo ikaingia ardhini. Wakafika kliniki mwezi wa sita.

Daktari alikuwa kijana mgeni, ametoka California, mpole, ana adabu zake, tena alivuta kiti akakaa karibu na mzee badala ya kusimama juu yake. Hakuna wa kumlaumu. Akauliza, "Mzee, maumivu yako ungeyapa namba ngapi, moja mpaka kumi?"

Verlyn alilifikiria swali kwa haki. Kwake kumi ilikuwa ya Poteet. "Mbili," akasema. "Tatu, siku zingine."

"Na kwa jumla, mwili unajisikiaje?"

"Si mbaya sana."

"Safi sana!" akasema daktari, akaandika.

Ardith alikuwa amekaa ukutani, mkoba mapajani. Neno lilikuwa kwenye ulimi, fupi tu: daktari, huyu anaumwa vibaya, usimsikilize anachosema. Verlyn akageuza kichwa, akamtazama. Akamtazama kwa muda, macho yake ya kijivu yametulia usoni kwake. Ardith akaelewa. Mwanamke wa Butler ataendesha kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia, atamvuta ndama tumboni kwa kamba, atambishia mchungaji mbele ya kanisa zima, lakini hatamsahihisha mumewe juu ya mwili wake mwenyewe mbele ya mgeni. Akafunga mkoba. Wakaandikiwa vidonge vya kiungulia na kuambiwa warudi baada ya miezi mitatu.

Garini akamuuliza, "Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia," Verlyn akasema.

Na kweli alikuwa amemwambia.

Waliporudi mwezi wa tisa, picha zilionyesha saratani ya kongosho, nayo ilishaingia kwenye ini. Kijana wa watu alikaribia kulia. "Jamani," akasema, "kwa nini hamkuniambia ilikuwa mbaya hivi?" Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, huo msemo ni wetu, wao hawana, na laiti wangekuwa nao. Ardith alilibeba lile swali mpaka nyumbani, akapika nalo, akafua nalo, akalala nalo.

Mwezi wa kumi, Jumamosi moja, kombaini tisa zilitokea kwenye barabara ya changarawe, taa zimewashwa mchana kweupe, malori nyuma yake. Hakuna aliyeziita. Mbele alikuwa Elmo Ubben, jirani aliyepakana nao tangu utoto. Huko majirani huja hivyo kumvunia mtu aliyekufa, au aliyekaribia. Verlyn mwenyewe alishawavunia wengi, na ndiyo maana hakuhitaji kuelezwa.

"Wamekuja kunizika," akasema.

"Wamekuja kuvuna."

"Ni kitu kimoja, Mama. Nipeleke nikaone."

Ardith akamvika makoti mawili, akamweka kwenye pikapu, akaegesha kwenye ncha ya shamba. Elmo akaja dirishani, mavumbi mpaka kwenye kope.

"Verlyn, hii mistari uliipanda umelewa?"

"Mistari imenyooka. Macho yako ndiyo yamepinda, tangu darasa la kwanza."

"Basi shuka uje unionyeshe, wewe fundi."

"Nikishuka utaona aibu mbele ya watu."

Wakacheka kidogo. Kicheko kikaisha, na Elmo akawa bado amesimama pale. "Lakini kwa kweli," akasema, "u hali gani?"

Verlyn alitazama mahindi. "Nimeshaona siku bora kuliko hizi."

Elmo akavua kofia. Akachungulia ndani yake kana kwamba kuna kitu amekipoteza humo. Akaivaa tena, akagonga mlango wa pikapu mara mbili kwa kiganja, akarudi kwenye kombaini yake.

Walibaki wawili, injini inanguruma taratibu ili apate joto. Ardith akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Nilitakiwa nimwambie yule daktari," akasema. "Siku ile. Nilikuwa nalo mdomoni."

Alitaka Verlyn amwambie hapana. Alitaka amwambie isingesaidia kitu, amri ya Mungu, nyamaza, mke wangu. Hata kama ni uongo, angeupokea.

Verlyn alimfuata Elmo kwa macho mpaka alipomaliza mstari na kugeuza.

"Nilikungoja," akasema.

"Nini?"

"Nilikutazama, Mama. Nikangoja useme."

Ardith akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Miaka hamsini na minne alisoma uso ule, akijisifu moyoni kwamba hakuna herufi inayompita, na mara moja ile tu iliyokuwa na maana aliisoma kinyume. Verlyn hakuwa na hasira. Alimpapasa goti, akarudi kutazama shamba lake likiisha.

Verlyn alikufa siku ya tisa baada ya mavuno. Wazee wa vita walipiga risasi zao hewani, wakampa Ardith bendera iliyokunjwa pembe tatu, na chini ya kanisa wanawake wakaandaa mikate ya nyama ya nguruwe na keki. Kila mtu alimuuliza anaendeleaje, na kila mtu akajijibu mwenyewe kabla Ardith hajafungua mdomo. Janelle alikaa wiki moja, akalia waziwazi, akamkumbatia hata Elmo, ambaye alisimama wima kama nguzo ya ua. Kisha akarudi Arizona kwa wanafunzi wake.

Desemba theluji ikaziba njia. Ardith alikuwa akitoka ghala la chini ya nyumba na chupa mbili za maharage, akashindwa kumaliza ngazi. Kifua kilibana kama kimefungwa kamba, na mkono wa kushoto ukawa mzito, si wake. Akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Jambo hilo likarudi Jumatano, likarudi Ijumaa. Jumapili alijua Janelle atapiga simu baada ya kanisa kama kawaida. Safari hii atasema. Alijiapia, akajizoeza kwa sauti jikoni peke yake: mwanangu, ninaumwa, njoo.

Simu ikalia.

"Mama! Habari za huko? Huku jua linawaka, usiulize. Unaendeleaje wewe?"

Ardith akavuta pumzi, ikafika nusu.

"Si mbaya sana," akasema.

Akaishikilia simu kwa mikono miwili, akangoja.

"Ooh, afadhali, Mama," akasema Janelle.