Ukuta wa Mihogo

Juzi mjukuu wangu alinipakia kwenye bajaji akanipeleka Likombe, eti nikaone nyumba yake. Nimefika, nyumba siioni. Mchanga, vigingi na kamba. "Hapa sebule, Bibi. Hapa chumba chako." Na kazi yake kuuza maandazi, huyo. Nikafungua mdomo nimpe ukweli wake, kisha nikaufunga. Nilikumbuka mihogo.

Mwenzangu, mie nimelelewa na bibi yangu, mjane, kule Ufukoni, kwenye kibanda cha makuti kilichovuja kila pembe. Pembeni palikuwa na kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Hapo bibi alipima nyumba ya bati, vyumba vitatu. Hata tofali moja hakuwa nalo. Alichomeka vijiti vya mihogo kuonyesha kuta, akaacha nafasi za milango, na kila asubuhi nilifagia sebule. Nikikatiza tu, fagio la mgongo: "Umepita ukutani, we mtoto! Una wazimu?"

Mie niliona mwenye wazimu ni yeye. Wenzangu walinicheka mpaka kisimani. Siku moja tunamenya ming'oko tuliyochimba porini, nikamuuliza kama hajidanganyi. Hakukasirika.

"Najidanganya, ndiyo. Nikiacha, nitahama."

Mvua zilipoanza, kuta zikachipua. Bibi alikuwa amesahau kwamba kijiti cha muhogo ukikichomeka hakibaki kijiti. Jirani yetu alicheka sana, kisha akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kusema pale ni pori tupu, apewe yeye apande mikorosho.

Balozi akaja, jirani nyuma yake. Bibi alikuwa sebuleni kwake, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Hakuinuka.

"Balozi, kwangu watu hupiga hodi."

Balozi akaitazama ile mihogo iliyomfika kiunoni, akazunguka mpaka penye nafasi ya mlango.

"Hodi, mama."

"Karibu. Viatu hapo hapo."

Akavua.

"Sasa nyumba iko wapi, balozi?" jirani akauliza.

"Kwani mimi nimepiga hodi porini? Twende zetu."

Mwaka wa njaa tuliula ukuta wa chumba cha wageni. Jioni ile ile bibi akauchomeka upya. Alikufa bati hajaliona. Nimeliezeka mie, nikiwa na watoto wawili, juu ya mistari yake ile ile. Leo kisima kimefukiwa, kibanda hakipo, na fagio lile hakuna anayelijua ila mgongo wangu. Ndoto haijengi nyumba, hilo sitalificha. Lakini bibi alikuwa akiiota na kuifagilia.

Kule Likombe mjukuu wangu alikuwa ananitazama, anangoja nimcheke. Nikaangalia chini: nimesimama juu ya kamba, katikati ya ukuta wake. Nikarudi nyuma, nikazunguka mpaka penye mlango, nikavua kandambili.

"Hodi."