Wakili wa Shemeji Alilipwa na Nani

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Riyadh, nilikosea kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimetoka Zanzibar mtu mzima, nimesomesha Kiarabu miaka mingi na wanangu wameshaoa na kuolewa, nikajiona sina la kufundishwa. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi, wasichana wa Kenya wakishuka uwanja wa ndege kwa makundi kwenda kufanya kazi za majumbani, na ofisi za mawakili zikitafuta kwa udi na uvumba watu wenye Kiswahili na Kiarabu. Nikaletewa msichana mmoja kutoka Nakuru. Akasema, "Mimi nataka kurudi home, lakini bosi hataki kunipea exit." Nami nikamgeukia mkuu wa ofisi nikasema kwa Kiarabu safi, "Anasema kwamba anataka kurudi kwao, lakini kafili wake hampi kibali cha kutoka."

Mkuu wa ofisi, wakili tuliyemwita Ustadhi, akaweka kalamu chini. Wanawake wote wenye watoto aliwaita kwa jina la mtoto wa kwanza, na mimi wangu ni Salim.

"Umm Salim, nani huyo anayesema kwamba anasema?"

"Ni mimi, Ustadhi."

"Basi toka katikati. Yeye akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Mkalimani akianza 'anasema, anasema', ameshajitia kuwa mtu wa tatu, na chumba hiki kina kiti cha watu wawili."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini tangu asubuhi ile sijawahi tena kusema "anasema". Kwa Kiarabu nimekuwa yaya, nimekuwa dereva wa lori, nimekuwa mume aliyekimbiwa na mke. Nyinyi vijana mnaoinua simu zenu na kuziacha ziwatafsirie, simu haijui aibu wala haijui huruma, na kazi yetu ilitaka uvijue vyote viwili halafu uvizuie visiingie kwenye sentensi.

Baada ya muda nikahamia Jeddah, kwenye ofisi ya tarjuma iliyokuwa mtaa wa Ruwais. Bosi wangu mpya, mudiri, alikuwa mtu wa haraka. Neno lake la asubuhi lilikuwa "yalla", twende, na la jioni "halas", basi imetosha. Mahakama zikihitaji mtu wa Kiswahili zilimpigia yeye, na yeye alinituma mimi, kwa sababu hakuwa na mwingine na kwa sababu, niseme tu ukweli, sikuwa na mfano. Huko ndiko nilikokutana na kesi ninayoulizwa zaidi kuliko zote.

Mwanajuma alikuwa mwanamke wa Mombasa, akiishi mtaa wa Mahjar na mumewe, fundi mitambo, na binti yao mdogo, Rahma. Mume akafa ghafla. Kampuni ikawa na haki zake za kulipa, na fungu kubwa lilikuwa la Rahma. Mtoto mdogo hashiki mali yake mwenyewe. Hakimu humteua mtu mzima kuishika kwa niaba yake, na huo ndio usimamizi. Aliyeteuliwa alikuwa kaka wa marehemu, Athumani, dereva wa nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa. Mwanajuma alipata habari siku alipomaliza eda. Hukumu ilikuwa imeshatoka, na imeandikwa ndani yake kwamba mama wa mtoto alikataa kufika.

Mudiri akanituma nyumbani kwa Mwanajuma pamoja na wakili aliyetaka kumkatia rufaa, yaani kuipeleka hukumu mahakama ya juu iangaliwe upya. Tulimkuta amekaa na Rahma mapajani, anamsuka nywele.

"Mimi rufaa siitaki, Bi Zuhura," akaniambia. Hilo ndilo jina langu kwa watu wa kwetu. "Shemeji ameshanambia. Yeye wakili wake anamlipa kwa mali ya mtoto, maana kesi ni ya mtoto. Nikenda juu, ataweka wakili tena, na mtoto atalipa tena. Kila hatua nitakayopiga mimi, mwanangu ndiye atakayelipa. Sasa si bora ninyamaze angalau abakiwe na kitu?"

Nikaigeuza yote kwa Kiarabu, mpaka "mwanangu ndiye atakayelipa". Wakili akamjibu taratibu. Mahakama yenyewe, wakati ule, haikutoza ada. Gharama zilikuwa za mawakili na za tarjuma. Kwa kawaida kila mtu humlipa wakili aliyemwita mwenyewe. Lakini msimamizi wa yatima anaweza kudai kwamba alishitaki kwa ajili ya yatima, na hakimu akikubali, gharama hutoka kwenye fungu la yatima.

"Kwa hiyo alilokwambia shemeji yako linawezekana," akasema. "Halijawa. Litakuwa ukinyamaza, kwa sababu hakuna atakayempinga."

"Na wewe nani atakulipa?"

"Wewe, kidogo kidogo. Si binti yako."

Mwanajuma akamaliza kusuka mstari aliouanza, akafunga uzi. "Basi twende," akasema. Wanawake wa Mahjar wakamchangia, wa Mombasa na wa Nyeri, waliosali misikitini na waliosali kwa siri vyumbani. Niliona fahari kuwajua.

Siku ya rufaa hakimu mkuu aliwauliza wote wawili kama wananiridhia niwasemee. Athumani alikuwa na Kiarabu cha barabarani, cha kuulizia njia na petroli, akajibu haraka, "Bi Zuhura ni mtu wa kwetu, namridhia." Alikuwa mtu wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi. Simwongezi ubaya ambao hakuwa nao. Aliamini kabisa kwamba damu ya kaka yake ni juu yake kuitunza, na kwamba mwanamke hajui hesabu.

Wakili wake akaomba mambo mawili: hukumu ibaki, na gharama zake zote, za kwanza na za rufaa, zitoke katika fungu la mtoto. Hakimu akamgeukia Mwanajuma.

"Kwa nini hukufika mara ya kwanza?"

"Nilikuwa eda. Nimefiwa na mume wangu, nilikuwa ndani," akasema Mwanajuma, nami nikasema kwa Kiarabu, "Nimefiwa na mume wangu, nilikuwa ndani." Karani kijana akaniinamia akanipa pole ya msiba. Mume wangu wakati huo yuko Zanzibar anacheza bao.

Hakimu akasema mwenye eda anaruhusiwa kutoka akiwa na dharura, na mahakama ni dharura. Mwanajuma akajibu kwamba kwao mwenye eda hawezi hata kuchungulia barazani. Halafu hakimu akamwuliza Athumani jambo ambalo hakuna wakili aliyeliuliza.

"Nani alimfikishia habari ya kesi?"

Athumani akajinyoosha. Hapa aliona amepata nafasi ya kuonyesha adabu ya kwao. "Hakuna, sheikh. Mjane hasumbuliwi na habari za mahakama. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpelekea mchele na samaki mlangoni, na niliwakataza wanawake wasimwambie lolote mpaka atoke eda. Hivyo ndivyo tulivyolelewa."

Nilijua nilichokishika mdomoni. Alikuwa amenitazama mimi kwa imani, mtu wa kwao, na mbele yangu amekaa Mwanajuma. Ningeweza kupunguza neno, na ningeweza kuongeza. Nikasema, "Hakuna, sheikh. Mjane hasumbuliwi," mpaka "hivyo ndivyo tulivyolelewa", kwa majivuno yale yale aliyoyasema nayo, kwa sababu majivuno nayo yalikuwa maneno yake.

Hakimu akaifungua hukumu ya kwanza, akasoma pale palipoandikwa kwamba mama alikataa kufika. Akamtazama wakili wa Athumani muda mrefu. Yule wakili akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Uamuzi ulisomwa kikao kilichofuata. Mama akapewa usimamizi, chini ya jicho la mahakama. Kuhusu gharama, hakimu alisema aliyejua kwamba mwenzake hana habari kisha akamshitaki, hakufanya hivyo kwa faida ya yatima, na kila mmoja amlipe wakili wake. Kisha akaongeza jambo ambalo sidhani karani aliliandika, nami nikaligeuza kwa Kiswahili nikimtazama Mwanajuma: "Mtoto hakuita wakili. Mtoto halipi." Akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

Ukumbini Athumani akanisubiri.

"Bi Zuhura, lile la kuwakataza wanawake, ulilisema?"

"Nililisema."

"Kama nilivyolisema mimi?"

"Kama ulivyolisema."

"Mimi nilifikiri ni sifa," akasema. Kisha akaweka mkono kifuani, tukaagana vizuri. Nilisikia alimlipa wakili wake kwa mshahara wake, na hakuacha kupeleka samaki kwa shemeji yake mpaka walipoondoka Jeddah.

Nimestaafu sasa, nimerudi Zanzibar, magoti yamegoma na miwani haitoshi. Watu huniuliza kama sikutamani kuwa wakili mwenyewe. Sikutamani. Mawakili walisema waliyolipwa wayaseme. Mimi nilipita katikati ya watu wenye hasira na wenye msiba, na kila upande ukatoka na maneno yake kamili. Najivunia hilo, na sitajifanya mnyenyekevu uzeeni.

Juzi msichana mrefu alibisha hodi kwangu, anakwenda kuanza chuo Dar es Salaam, ada yake imetoka katika fungu lile la urithi wa babake. Mamake alimwambia apite kwangu. Alikaa, akanywa chai, akataka nimsimulie yote tangu mwanzo. Nilipomaliza akafungua mkoba, kwa haya, akaniuliza mama yake alinilipaje siku zile, na kama kuna deni lililobaki.

Nikamwambia afunge mkoba wake. Nikalisema neno la hakimu kwa Kiarabu kwanza, kama nilivyolisikia, halafu kwa Kiswahili: mtoto halipi.