Upupu Siku ya Posa

Siku ambayo ami yangu alikwenda kuniposea binti Msambweni, desturi ilinitaka nikae nyumbani nisubiri jibu. Lakini nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu, miaka ile ya hamsini, na niliamini kwamba mwenye shahada ya sayansi hasubiri, huchunguza. Nikamfuata kwa mbali, nikajibanza nyuma ya ua wa makuti wa kina binti ili nisikilize. Kichaka nilichokiegemea sikukichunguza. Kilikuwa upupu uliokauka.

Shingo iliwaka, kisha mikono na uso. Ili nisijikune, nikajisomea moyoni somo nililolipenda. Katika vinywele vya upupu imo kemikali iitwayo serotonini, ambayo hata miilini mwetu tunayo. Ni mjumbe tu. Hufika kwenye seli ikapiga hodi, na juu ya seli kipo kipokezi kilichoumbwa kuitambua. Vikishikana, seli huitikia kwa kazi yake: ya utumbo hujikaza, ya mshipa wa damu hujibana, ya neva hupeleka habari ya mwasho. Pasipo kipokezi, mjumbe hujipitia, hakuna amjuaye.

Somo lilipofika kwenye mshipa wa damu, nikapiga ukelele.

Bibi yake binti akatoka na ungo mkononi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, huku nikijisugua kwenye mnazi.

"Marahaba. Wewe si ndiye unayeposa?"

"Ndimi."

"Na huku wafanya nini?"

Badala ya kuomba radhi, nikamweleza serotonini na vipokezi vyake vyote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda jikoni, akarudi na majivu, akaanza kunipaka usoni.

"Bibi, majivu hayawezi kuziba kipokezi."

"Nyamaza, mume wangu, yasikuingie mdomoni."

Nikapata nafuu, jambo lililoniudhi sana.

Akaingia ndani, akatoka tena. "Mjukuu wangu auliza, utakuwa ukisema hivi kila siku?"

Swali lilihitaji usahihi, nikalifikiria. "Nikiwa na wasiwasi tu, bibi."

"Basi ni kila siku," akasema, akaenda kumpa jibu.

Nikabaki nimesimama, mweupe kama pepo. Ndani, msichana akacheka kicheko kirefu, kisha pakawa kimya, nami nikatumia kimya hicho kujikataa mara tatu kwa niaba yao. Ndipo nikamsikia ami yangu akisema kwa sauti kubwa, "Alhamdulillahi," na mtu akaitisha kahawa.